Mita Sita za Ukurasa wa Kumi na Nne

Observatory, Johannesburg
Julai 2017, Jumamosi, saa nane na robo mchana

Mauwa, mwanangu, mama yangu,

Umetoka nusu saa iliyopita kwenda Yeoville kusukwa, na kwa jinsi ninavyomjua yule msusi wenu wa Bukavu na maneno yake, hutarudi kabla ya saa kumi na moja. Nimekaa kwenye meza ya jikoni, upande wa dirisha, mahali pekee katika nyumba hii ambapo jua la Julai linafika. Mama yako yuko chumbani anapiga pasi suruali zako za kazi, ambazo utazichafua siku ya kwanza, lakini hilo nimemwachia mwenyewe. Kesho asubuhi gari la chuo litakuja kukuchukua, na kabla ya wiki kwisha utakuwa kwenye vilima vya chokaa vya Likasi, mji ulioondoka ukiwa na miaka minne. Nina saa chache za kuandika jambo ambalo nimeshindwa kulisema tangu kabla hujazaliwa.

Habari za vidonge vya malaria, soksi, maji ya kuchemsha na kutopanda pikipiki bila kofia nazipita. Mama yako amekuambia, na atakuambia tena kesho ukiwa umeshaingia garini. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha mlinzi wa getini, kinajua kuomba watu wasaini na kufungua buti la gari. Najua utasoma polepole, ukitamka kwa mdomo, na nitafurahi ukifanya hivyo. Pengine hasira itakawia kidogo.

Jumatano ulitandaza ramani yako hapa hapa mezani, kati ya sahani ya bukari, ugali wetu, na ile ya samaki, mama yako akalalamika, ukacheka. Ukafungua daftari langu la zamani, lile la jalada la kijani, kwenye ukurasa wa kumi na nne. Ukasema, "Papa, tunaanzia hapa. Prof amependa sana ile sentimita kumi na mbili yako. Tutaenda kuchukua sampuli pale pale. Sharp?"

Nami nikakubali kwa neno lako lile lile, "Sharp."

Sikumaliza chakula. Ulidhani meno yananiuma.

Nisikilize sasa. Tabaka lile jembamba la udongo mgumu, unene wa sentimita kumi na mbili, lililoko kati ya mawe ya chokaa kwenye mita ya nane ya mchoro wangu, halipo. Ama labda lipo, sijui, maana sikuliona. Kuanzia mita ya tano hadi ya kumi na moja ya ukurasa ule sikuona chochote isipokuwa nyasi. Mita sita nzima nilizitunga nikiwa nimeketi juu ya jiwe, na penseli mkononi, na akili yangu ikiwa mahali pengine.

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni Lubumbashi. Tulitumwa kupima vilima vya Likasi, wawili wawili, kila mmoja na daftari lake, na mwenzangu alikuwa Kasongo, ambaye wewe unalijua jina lake tu kwa sababu limeandikwa pembeni mwa kila ukurasa: "Fito: Kasongo." Yeye ndiye aliyeshika fito ya kupimia. Alikuwa mrefu, mpole, na mwenye kuudhi, kwa maana alipima kila kitu mara mbili. Tulianzia chini, kwenye kijito, tukapanda kilima kile tukiandika kila tabaka: unene wake, rangi yake, chembe zake, kama linatoa povu ukilidondoshea asidi, na kama lina visukuku. Mita tano za kwanza ni kweli tupu, na ninazionea fahari hadi leo. Mle ndani mna vile vichuguu vilivyojengwa na vijidudu vya bahari ya kale, safu juu ya safu, na ukivikuta vimekatika unaona mistari iliyokunjana kama kabichi iliyopasuliwa. Vyote migongo yake inatazama juu, kulikokuwa na mwanga. Nilichora kimoja kimoja. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kama nimewahi kuipata tena katika kazi yoyote.

Kisha mwamba ukaingia chini ya udongo. Nyasi tu, na miti midogo, hadi mita ya kumi na moja ambapo chokaa ilitokeza tena. Kasongo akasimamisha fito akasema, "Tuchimbe. Jembe tutaazima pale kijijini."

Nikatazama saa. Ilikuwa saa tano. Lori la chuo lingeondoka saa sita, na saa kumi alasiri nilikuwa natakiwa Likasi mjini, nyumbani kwa babu yako mzaa mama, kwenda kujitambulisha kwa mara ya kwanza. Babu yako hukumjua. Alikuwa mtu wa reli, amestaafu na saa yake ya mnyororo, na watu wote wa mtaa ule walijua kwamba kijana mmoja alirudishwa mlangoni kwake kwa kuchelewa robo saa. Mama yako alikuwa ameniambia, "Ukichelewa, usikuje tena." Nikamwambia Kasongo tukichimba tutakosa lori. Akasema basi tuandike kwamba hapakuonekana kitu. Nikamwambia yeye aandike anavyotaka. Nikaketi nikachora.

Nataka ujue jinsi nilivyofanya, kwa sababu hapo ndipo aibu yenyewe ilipo. Kama ningechora chokaa tupu ya kijivu kwa mita sita, ningesema nilikuwa na haraka. Lakini nilitengeneza. Niliweka vichuguu vikipungua kidogo kidogo. Nikabadili rangi. Na kwenye mita ya nane nikaweka tabaka la udongo mgumu, ili paonekane pamepimwa. Sentimita kumi na mbili, Mauwa! Hata kumi sikuandika, kwa kuwa kumi inaonekana ya kukisia.

Saa kumi kasoro dakika tano nilikuwa mlangoni kwa babu yako, viatu vyeupe kwa vumbi la chokaa. Akafungua, akatazama saa yake, akatazama viatu vyangu, akasema, "Huyu anafanya kazi." Nikakaribishwa.

Unaona ugumu wangu. Nimejaribu mara nyingi kujuta jambo hili sawasawa na kila nikifika mahali fulani nakukuta wewe na mama yako mmesimama pale. Alhamisi hii, baada ya wewe kwenda maktaba, nilimweleza mama yako yote. Nilitegemea atalia, au atanyamaza. Aliweka chini sindano yake akanitazama.

"Kumbe zile mita sita njo miye?"

"Ndiyo, ni wewe."

"Na ulifikiri ungechelewa, ningeolewa na mwingine?"

"Si ulisema nisije tena?"

"Nilisema vile juu ya kukuogopesha. Ningelikungojea mpaka Noeli, weye mwanaume!"

Akacheka hadi akatoa machozi. Mimi sikucheka. Miaka yote hii nilijisemea kwamba nilidanganya kwa ajili ya kumpata mama yako, na kumbe mama yako alikuwa amekwisha kupatikana. Uongo wangu haukununua kitu.

Lakini kuna aliyeulipia. Tuliporudi chuoni, mwalimu wetu aliweka madaftari yetu mawili sambamba mezani, mbele ya darasa. Langu lilikuwa limejaa kutoka chini hadi juu. La Kasongo lilikuwa na pengo la mita sita lenye msalaba mkubwa na neno moja, "Haikuonekana." Mwalimu akamuuliza, "Mwenzako ameona, wewe umeshindwaje kuona? Ulikuwa umelala?" Darasa likacheka. Kasongo akanigeukia. Hakukunja uso, alinitazama tu, akinipa nafasi. Nikainamia daftari langu kana kwamba kuna kitu nilikuwa nakisoma. Mwaka ule chuo kilikuwa kikitafuta msaidizi mmoja wa idara, na nikachaguliwa mimi. Kasongo akarudi Likasi kufundisha sekondari, na yuko huko hadi leo.

Kazi ile niliifanya miaka michache tu. Mambo yakaharibika, chuo kikafungwa mara kwa mara, mishahara ikakatika, nikatangulia huku kusini, nanyi mkafuata. Katika mfuko mmoja nilioruhusiwa kupakia ndani ya lori nilitia mashati mawili, daftari la kijani, na lile jiwe lililoko dirishani hapa, unaloliwekea funguo zako. Unajua kwa nini sijawahi kukujibu uliponiuliza lilitoka tabaka gani? Sikuliandika. Naweza kukuonyesha upande wake wa juu ni upi, vichuguu vyenyewe vinasema, lakini limetoka mita gani ya kilima kile sijui. Nililing'oa kwa nyundo siku nikiwa na furaha nikalitia mfukoni. Ni zuri, na halina faida kwa mtu yeyote isipokuwa sisi watatu.

Sasa nikuambie upande wa pili, ambao ni wako, na ndio uliofanya nikae hapa leo.

Ulipokuwa na miaka minane, mama yako alipata kazi ya ushonaji kwenye duka moja la Diepsloot, anaondoka alfajiri, na likizo za shule hapakuwa na mtu wa kukuangalia. Nikawa nakuja nawe Randburg, kwenye lile jengo la ofisi nililokuwa nalinda zamu ya mchana. Ulikaa kwenye benchi karibu na lifti. Sakafu yote ya ukumbi ule ilikuwa ya mawe ya chokaa yaliyosuguliwa, yametoka ng'ambo, na wenye ofisi walipita juu yake kila siku na viatu vyao vizuri bila kujua kwamba wanakanyaga konokono wa baharini. Nilikuonyesha mmoja. Siku iliyofuata ulikuwa umepata kumi na tisa. Nikakufundisha kuweka sarafu kando yake kabla ya kuchora, ili mtu ajue ukubwa, na kuandika mahali alipo. Uliandika kwa Kiingereza cha darasa la pili, nami nakikumbuka kwa Kiswahili: "Kigae cha tatu kutoka lifti, mdomo unatazama robot." Ile taa ya barabarani ndiyo iliyokuwa kaskazini yako. Nilisoma sentensi ile mara nyingi kazini. Nilikuwa nimekata tamaa kwamba kuna kitu changu chochote kilichovuka mpaka pamoja nasi.

Sasa, walinzi tuna kitabu cha matukio. Kila saa unazunguka jengo, unarudi, unaandika saa na unachokuta. Na sote tulikuwa na mtindo mmoja, usiniulize nani aliuanzisha: asubuhi, ukishakunywa chai, unajaza zamu nzima. Saa tano, yote shwari. Saa sita, yote shwari. Hadi saa kumi jioni. Kalamu inapumzika. Siku moja ulikuja kuazima rula, ukasimama kando ya meza yangu ukisoma kitabu kile, ukatazama saa ya ukutani.

"Papa, sasa ni saa nne."

"Ndiyo, mama."

"Mbona umeandika mpaka saa kumi?"

Nikakuambia ni kazi ya wakubwa. Hukuondoka. Ukauliza, "Na kama saa nane kitu kikija? Utakiandika wapi?"

Ukachukua rula ukaenda zako kupima konokono. Hukujua umefanya nini. Nilihesabu mistari niliyokuwa nimeitangulia, ikawa sita. Nikachukua kalamu nikapiga mstari mmoja juu ya kila saa ambayo haijafika, nikasaini pembeni, mara sita, kwa maana kwenye kitabu kile hakifutwi kitu, kinakatwa na kusainiwa. Msimamizi alipokuja jioni akaona, nikamweleza ukweli, akanipa onyo la maandishi. Mama yako alinuna wiki nzima. Lakini tangu siku ile hadi nilipohamishwa jengo sikuandika saa hata moja kabla haijafika, na sijaandika hadi leo.

Asante, Mauwa. Nimekaa na shukrani hii miaka kumi na minne na sikujua nikupeje bila kukueleza deni lilianzia wapi. Ulikuwa na miaka minane na meno mawili ya mbele hayapo, na ulinirudisha kwenye kazi yangu. Kila ulipoinama kuchora, nilijiona mimi kabla ya mita ya tano.

Kosa langu la pili nalo ni hili: nilipokupa daftari la kijani siku uliyopokelewa chuoni, ningekueleza siku ile. Ulilishika kwa mikono miwili. Ulilipeleka darasani. Ulisema mbele ya watu, "Baba yangu alipima kilima hiki." Na mimi, mlinzi wa getini, nilipenda kuwa huyo baba. Nililipenda jina lile kuliko nilivyokuogopea wewe, na hapo ndipo naomba unisamehe, zaidi ya pale kilimani. Pale kilimani nilikuwa kijana mwenye haraka. Hapa nilikuwa mtu mzima, na nilikuona unapanda juu ya mita zile sita nikanyamaza.

Ijumaa, wakati wa mapumziko ya kazi, nilimpigia simu Kasongo. Namba nilipewa na mjomba wako. Mara ya mwisho tulionana siku ya ubatizo wako. Alikuja, akala, akaondoka bila kuniaga. Nilimwambia mimi ni nani, kisha nikamwambia yote kwa pumzi moja, na kwamba wewe unakuja, na habari za tabaka la udongo.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sasa weye," akasema, "ulifikiri miye nilikuwa kipofu? Si nilikuwa nimesimama pale pale na ile fito?"

"Mbona hukusema kwa mwalimu?"

"Ningelisema miye, ingekuwa wivu. Ilikuwa yako ya kusema." Kisha akaongeza, bila kupandisha sauti, "Nilikasirika. Ni muzuri ujue. Nilikasirika siku mingi sana."

Nikamwambia nimesikia. Na mtu huyu ambaye nilimwibia nafasi yake akasema, "Mutume tu mutoto. Jembe iko."

Nimeshukuru vitu vingi katika mji huu: baridi hii isiyoua, jirani aliyetuazima jiko mwaka wa kwanza, mama yako na cherehani yake, sakafu ya Randburg. Lakini sijui kama nimewahi kupewa kitu kikubwa kama jembe lile.

Sasa sikiliza ninachokuomba. Najua kitakugharimu. Profesa wako amepanga siku zake kwa kufuata ukurasa wangu, na wewe ndiye uliyeuweka mbele yake. Kuna barua fupi ya Kiingereza ndani ya daftari, nimeiandika mara nne, ina makosa, lakini mambo yamo: kwamba mimi ndiye niliyetunga na kwamba wewe hukujua. Umpe ukitaka. Hapana, umpe. Umpe kesho, kabla hamjapanda ndege. Atakasirika, na labda watu watakutazama kama darasa lilivyomtazama Kasongo. Wewe usiiname. Huna sababu ya kuinama.

Na ukifika kilimani, anza kijitoni. Mita tano za kwanza ziamini, lakini uzipime upya hata hivyo, kwa maana Kasongo atakulazimisha. Mkifika penye nyasi, mchimbe.

Saa kumi na dakika arobaini. Mama yako amepita hapa na pasi mkononi, akasoma juu ya bega langu, akaniambia, "Papa Mauwa, unaandika barua ao unaandika Biblia?" Kisha akaweka mkono wake shingoni mwangu, akauacha hapo kwa muda.

Nimefungua ukurasa wa kumi na nne. Nimepiga mstari mmoja, kutoka mita ya tano hadi ya kumi na moja, bila kufuta chochote, ili kila mtu aone kilichokuwepo. Pembeni nimeandika neno la Kasongo, "Haikuonekana," na tarehe ya leo, na sahihi yangu. Chini ya sahihi nimeacha nafasi ya mkono wako. Ukikuta udongo mgumu, andika udongo mgumu, na unene wake, hata kama ni sentimita kumi na mbili. Ukikuta chokaa, andika chokaa. Msipofika kwenye mwamba, andika hivyo, usaini, urudi nyumbani na kichwa chako juu. Nitakuwa nakungoja kwenye benchi la nje ya nyumba, kama kawaida.

Saa kumi na moja na dakika tano jioni. Nasikia ufunguo mlangoni. Binti amerudi, amesukwa vizuri, anauliza kuna chai. Mama yake anajibu ipo.

Saa za kesho sijaziandika.

Papa